Ahadi za Mataifa na Neno "Ila"

Wazee husema ahadi ni deni. Lakini kila mzazi aliyepata kuoza binti ajua ya kuwa ahadi hazifanani. Huku kwetu Usukumani, wakati wa posa, wazee wa pande mbili huketi na kupatana mahari. Upande mmoja husema, "Twakubali ng'ombe kumi na watano, ila wawili watakuja baada ya mavuno." Hiyo ni ahadi, tena ya haki, lakini ina "ila" ndani yake. Siku ya arusi kanisani mambo huwa mengine. Kanuni ya 1102 ya Sheria ya Kanisa yasema wazi kwamba ndoa inayofungwa kwa sharti la mambo ya baadaye si halali. Mtu hawezi kusimama mbele ya padre na kusema, "Nakuoa, iwapo utanizalia mtoto wa kiume."

Mataifa nayo hupeana ahadi za namna hizi mbili. Yafaa tuzielewe, maana mojawapo ya ahadi hizo yahusu sumu inayoshikwa kwa mikono mitupu huku Geita, Kahama na Shinyanga.

Ila ya maandishi

Serikali inapotia sahihi mkataba, mara nyingi yaruhusiwa kuandika: "Twakubali yote, ila kifungu fulani hakitatufunga." Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, ambao ndio sheria ya mikataba, wakubali desturi hiyo, maadamu ila yenyewe haipingi shabaha ya mkataba unaotiwa sahihi.

Wala tusidhani ni hila ya wageni tu. Tanzania ilipojiunga na mkataba huohuo wa Vienna mwaka 1976, iliandika ila yake. Ilisema kifungu cha 66, kinachohusu kupeleka magomvi kwenye Mahakama ya Kimataifa au kwa wapatanishi, kisitumiwe juu yake na taifa lolote ambalo lenyewe limeikataa sehemu ya tano ya mkataba, au limekataa kifungu chochote cha sehemu hiyo. Ni kama kusema: asiyekubali sheria za mchezo asituite mbele ya mwamuzi. Ila ya namna hiyo ina haki yake.

Takataka za nyuklia

Tutazame sasa mkataba mwingine uliofanywa mjini Vienna, mwaka 1997, ulioanza kutumika mwaka 2001. Huu wahusu usalama wa takataka zenye mionzi, yaani mabaki ya mitambo ya nyuklia, ambayo mengine huweza kudhuru watu kwa maelfu ya miaka. Nchi wanachama hukutana, si zaidi ya miaka 3 kati ya mkutano na mkutano, kila moja ikasoma taarifa yake na kuulizwa maswali na wenzake.

Mkataba huo ni mzuri, ila una milango. Mlango wa kwanza ni wa majeshi: takataka zilizo chini ya jeshi hazihesabiwi, isipokuwa nchi yenyewe itamke kwamba zihesabiwe. Mlango wa pili ni wa viwanda vinavyosafisha mabaki ya nyuklia ili yatumike tena: mabaki yaliyomo humo hayahesabiwi, isipokuwa nchi itamke hivyo. Mlango wa tatu ni wa mionzi ya asili. Kuna mchanga na mawe yenye mionzi aliyoiweka Mungu ardhini, yanayofukuliwa katika machimbo yasiyo ya nyuklia. Afrika Kusini, kwa mfano, urani hupatikana pamoja na dhahabu. Mabaki ya namna hiyo nayo hayamo katika mkataba mpaka nchi itamke kwamba yamo.

Basi, msomaji, nchi mbili zaweza kutia sahihi karatasi moja, kumbe moja imeahidi mengi na nyingine machache. Hayo hatuwezi kuyajua kwa kutazama sahihi peke yake.

Afrika yafunga mlango

Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba maelfu ya mapipa ya takataka za sumu kutoka Italia yamewekwa katika kijiji cha Koko, Nigeria. Watu wa Afrika walikasirika sana. Mwaka uliofuata mataifa yalipatana huko Basel, Uswisi, juu ya kusafirisha takataka za sumu kutoka nchi hadi nchi, lakini takataka zenye mionzi zinazosimamiwa na taratibu nyingine za mataifa ziliachwa nje. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja mkataba wa Basel kuwa mfano mmojawapo wa kazi njema. Hata hivyo Waafrika waliona hautoshi.

Kwa hiyo tarehe 30 Januari 1991, mjini Bamako, nchi za Afrika zilifanya mkataba wao. Huo wapiga marufuku kuingiza barani takataka za sumu kutoka nje, na zile zenye mionzi zimo. Tena wakataza ila yoyote: nchi yaingia mzima mzima au haiingii. Tanzania ni mwanachama wake. Hiyo ndiyo ahadi iliyo kama ndoa.

Zebaki yetu

Labda msomaji wa Nyarugusu au wa Mwakitolyo atauliza, "Sisi tuna nini na nyuklia?" Twajibu: tuna zebaki, nayo ina mkataba wake, uitwao Minamata.

Minamata ni mji wa Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi: watu walitetemeka, wakashindwa kusema na kutembea, na watoto wakazaliwa wakiwa wamekwisha haribika ubongo tumboni mwa mama zao. Kwa kumbukumbu yao mkataba ukapewa jina hilo mwaka 2013. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia tarehe 5 Oktoba 2020.

Mkataba huu nao wakataza ila. Je, mlango umefungwa kabisa? La. Safari hii ila imeingia ndani ya maneno yenyewe. Kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu, kifungu cha 7 chasema nchi itachukua hatua za kupunguza zebaki, na kuikomesha "pale inapowezekana". Haukuwekwa mwaka wa mwisho. Tena ni nchi yenyewe inayoamua kama uchimbaji huo kwake ni mkubwa kiasi cha kudai mpango wa taifa. Hata juu ya bidhaa zenye zebaki, kama vipimajoto, nchi yaweza kuomba kuongezewa miaka 5, na ikiomba tena, mingine 5.

Tusikimbilie kulaumu. Watu zaidi ya milioni moja wa nchi yetu wanakadiriwa kuishi kwa uchimbaji mdogo. Kama zebaki ingekatazwa leo kwa amri moja, wengi wangeinunua gizani, na familia nyingi zingelala njaa. Ila yaweza kuwa huruma. Lakini yaweza pia kuwa maficho ya mvivu. Tutazitofautishaje? Tuulize mambo matatu: ina kazi iliyotajwa? Ina tarehe? Yuko mtu wa kuulizwa?

Kazi imetajwa. Mkataba wadai nchi ikomeshe mambo manne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya kuyaosha kwanza na kubakiza mchanga wenye dhahabu, kuchoma zebaki mahali pa wazi bila chombo cha kunasa moshi, kuichoma penye makazi ya watu, na kuchenjua kwa sayanaidi marudio ambayo hayajatolewa zebaki. Tena wataka watoto na akina mama, hasa wajawazito, wakingwe. Tarehe ipo: mpango wa taifa hupimwa kila miaka 3. Serikali ilitayarisha mpango wake wa miaka 2020 hadi 2025. Na wa kuulizwa yupo, kwa kuwa mambo ya mazingira yamo chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais.

Palipobaki ni petu

Neno "pale inapowezekana" halipimwi Geneva. Hupimwa kwenye mialo yetu na karasha zetu, na mara nyingine jikoni, anapochoma mama donge la zebaki na dhahabu huku amembeba mtoto mgongoni. Moshi ule hauonekani vizuri wala haunuki, lakini ndiyo zebaki yenyewe ikirudi hewani. Chombo cha kuunasa kipo. Huitwa ritoti: kikombe cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambamo moshi hupoa na zebaki hukusanywa tena. Kijiji cha Rwamagasa, Geita, kiliingizwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki ulioanza mwaka 2002. Hatuwezi kusema hatukuambiwa.

Basi, akina baba, msichomee zebaki nyumbani. Akina mama wenye mimba, msiishike hata kidogo, na watoto wasitumwe kuibeba. Katika mkutano wa kijiji, ulio wa kila miezi mitatu, inukeni mkaulize kwa adabu: mpango wa taifa wasema nini juu ya mwalo wetu, na mwaka huu limefanywa lipi? Bwana wetu alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Serikali imekwisha kusema ndiyo kwa niaba yetu. Tuisaidie kuitimiza, kila mmoja kwenye karai lake.