Sura ya Nne: Masomo ya Muda Wote kwa Anayefanya Kazi

Kijana wa Kakamega anayetaka kuwa mtaalamu wa optometria huingia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akitoka sekondari. Mwenzake wa Kampala huweza kufanya vivyo hivyo Makerere. Shahada ya kwanza ndiyo inayomfundisha kupima macho, kuandika namba ya miwani na kutambua dalili za glakoma. Nchini Marekani njia ni ndefu zaidi. Huko optometria ni udaktari wa miaka minne, na kabla ya miaka hiyo kuna mingine mitatu au minne ya chuo cha kawaida, ambamo mwanafunzi hukamilisha masomo ya sayansi yanayodaiwa na vyuo vya optometria: biolojia, kemia, fizikia, hisabati na mengineyo. Tutayaita masomo ya awali.

Waswahili wengi walioko Minneapolis, Columbus au Dallas huyasoma masomo hayo wakiwa kazini. Wanalea wagonjwa katika nyumba za wazee, wanapanga mizigo kwenye maghala, wanaendesha magari ya abiria. Kodi ya nyumba inawasubiri huku, na karo ya wadogo zao inasubiri kule nyumbani. Wengi wao hukwama katika hatua hii kabla hawajaugusa mlango wa chuo cha optometria, na mara nyingi tatizo halikuwa akili wala bidii. Walisajili masomo kwa jinsi zamu zilivyoruhusu, muhula kwa muhula, hadi miaka ikapita na orodha haijatimia. Nitaonyesha hapa kwamba anayefanya kazi anaweza kufika, mradi apange miaka yake akianzia kwenye kemia, kisha kazi ndiyo ifuate ratiba hiyo.

Ofisi tatu, hesabu tatu

Ukiambiwa lazima usome muda wote, uliza kwanza ni ofisi gani inayokudai. Zipo tatu, na kila moja ina sababu zake.

Ya kwanza ni ofisi ya misaada ya fedha. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, serikali ya Marekani huhesabu krediti 12 kwa muhula kuwa muda wote. Ruzuku ya Pell, ambayo hailipwi tena, hukatwa kulingana na krediti ulizosajili: mwenye 12 hupata stahili yake yote, mwenye 9 hupata asilimia 75, mwenye 6 hupata nusu. Mikopo ya serikali huhitaji angalau nusu ya muda, yaani krediti 6. Ruzuku hiyo pia ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote, kwa hiyo anayerudia somo mara kwa mara anakula akiba yake ya baadaye. Misaada hii ni ya raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliopokelewa rasmi na makundi mengine machache.

Ya pili ni uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 analazimika kusajili krediti 12 katika kila muhula wa kawaida, na ndani ya hizo ni somo moja tu la mtandaoni, au krediti tatu, linalohesabiwa. Anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kazi ya nje haruhusiwi mwaka wa kwanza, na baada ya hapo huhitaji kibali maalumu. Kwa huyu hakuna mazungumzo na msimamizi wa zamu: akishuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, anahatarisha haki yake ya kuwa nchini. Rafiki yake mwenye ukaazi wa kudumu akimshauri apunguze masomo muhula huu ili afanye kazi zaidi, anampa ushauri unaomfaa rafiki peke yake.

Ya tatu ni kamati ya udahili ya chuo cha optometria. Hii huangalia orodha ya masomo yako na kujiuliza swali moja: je, mtu huyu ameshawahi kubeba sayansi mbili au tatu kwa pamoja na akafaulu? Wana sababu ya kuuliza. Muhula mmoja wa mwaka wa kwanza wa optometria unaweza kuzidi krediti 20, ukiwa na optiki, anatomia ya jicho, neva na mazoezi ya kliniki kwa wakati mmoja. Aliyechukua kila somo la sayansi peke yake, hata kama alipata alama za juu, hajawapa jibu. Uzito wa jambo hili hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo andikia ofisi za udahili mapema, ukieleza wazi kwamba unafanya kazi na saa ngapi kwa wiki.

Saa za wiki zinavyogawanyika

Kanuni ya serikali ya Marekani inaeleza krediti moja kuwa takriban saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 12, basi, ni saa 36. Masomo ya maabara yanazidi hapo. Kemia ya krediti nne kwa kawaida ni krediti tatu za mihadhara na moja ya maabara, lakini krediti hiyo moja hukuweka umesimama maabara kwa saa tatu au zaidi, kisha kuna ripoti ya kuandika. Mwenye sayansi mbili za maabara ndani ya krediti zake 12 ahesabu saa 40.

Sasa ongeza kazi. Zamu mbili za saa 12 mwishoni mwa wiki ni saa 24, jumla 64. Usingizi wa saa saba kila usiku ni 49. Wiki ina saa 168, kwa hiyo zinabaki 55 za safari, kupika, ibada, watoto na kupumzika. Ni maisha ya kubana, lakini yanaishika. Ukipandisha kazi hadi saa 40, zinabaki 39, karibu tano na nusu kwa siku, na hapo bado hujapanda basi. Wiki ya mitihani mitatu ikifika, saa za ziada hutoka kwenye usingizi. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa mwanafunzi wa aina hii kinachoponyoka kwanza huwa ni kemia, kwa sababu ndilo somo lisilosomeka kwa macho yaliyochoka.

Kwa hesabu hii, anayeweza kuchagua asipite saa 24 za kazi katika muhula wenye sayansi mbili za maabara. Anayelazimika kufanya saa 40 abaki na sayansi moja ya maabara na kuijalizia kwa masomo yasiyo na maabara, kama takwimu, saikolojia au Kiingereza. Bado atafikisha krediti 12, na ruzuku yake haitakatwa.

Mnyororo wa kemia

Masomo mengi ya awali yanaweza kusogezwa mbele au nyuma. Saikolojia unaweza kuisoma mwaka wa kwanza au wa nne. Kemia haisogei. Huwezi kuanza kemia ya jumla ya pili kabla ya ya kwanza, wala kemia ogania, nayo ya mihula miwili, kabla ya kumaliza hizo mbili, na biokemia huja mwishoni. Jumla ni mihula mitano mfululizo, miaka miwili na nusu, hata kama hukufeli chochote. Zaidi ya hapo, vyuo vingi hufundisha sehemu ya kwanza ya kila jozi katika muhula wa Agosti tu. Aliyeiacha mwezi huo kwa sababu iligongana na zamu huweza kusubiri hadi Agosti nyingine. Somo moja la krediti nne limemgharimu mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo ratiba ya anayefanya kazi hujengwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Maombi hupitia mfumo wa pamoja uitwao OptomCAS, unaofunguliwa katikati ya mwaka kwa wanaotaka kuanza Agosti ya mwaka unaofuata. Kuna pia mtihani wa udahili uitwao OAT, wenye sehemu nne: sayansi asilia, fizikia, kusoma na kuelewa, na hisabati. Sehemu ya sayansi asilia ina maswali 100: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ogania. Biokemia haimo. Aliyemaliza kemia ogania, biolojia na fizikia anaweza kuufanya mtihani huo wakati wa kiangazi, akisubiri kusoma biokemia baadaye.

Mpango wa miaka minne usiozidi sayansi mbili za maabara kwa muhula unaweza kuwa hivi. Mwaka wa kwanza, kemia ya jumla pamoja na Kiingereza, takwimu, saikolojia na kalkulasi. Mwaka wa pili, kemia ogania na biolojia. Mwaka wa tatu, fizikia pamoja na biokemia, kisha maikrobiolojia, halafu OAT na maombi. Mwaka wa nne, anatomia na fiziolojia, wakati unasubiri mahojiano na majibu. Muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu ndio mzito kuliko yote. Uandalie akiba ya fedha tangu kiangazi, ili upunguze zamu mwezi wa Septemba.

Krediti 12 kwa mihula minane ni 96, ilhali shahada ya kwanza kwa kawaida ni 120. Pengo hilo la 24 huzibwa na masomo ya kiangazi, au na utaratibu ambao vyuo kadhaa vinao wa kuhesabu mwaka wa kwanza wa optometria kuwa sehemu ya shahada ya kwanza. Baadhi ya vyuo vya optometria hupokea aliyefikisha krediti 90 bila shahada, ingawa wengi wanaoingia huwa nayo. Chuo cha jamii cha karibu na nyumbani kina madarasa ya jioni na ada nafuu, lakini uliza kwanza kama chuo unachokitaka kinakubali sayansi za chuo cha jamii, maabara za mtandaoni, na masomo yaliyopita miaka mingapi.

Kazi inayosaidia masomo

Mwanafunzi aliyeshika ratiba yake mkononi huweza kuitazama kazi kwa jicho jingine. Kazi ya usiku katika nyumba ya wazee hulipa vizuri, na wakati mwingine huacha saa tulivu za kusoma, lakini humtoa mtu akiwa hafai kwa maabara ya saa mbili asubuhi. Zamu za Jumamosi na Jumapili ni salama zaidi kwa kemia. Waajiri wakubwa kama hospitali wakati mwingine huwasaidia wafanyakazi ada ya masomo, na sheria ya kodi ya Marekani huruhusu msaada huo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Waulize kabla ya kukubali ajira.

Kazi bora kuliko zote, hata kama mshahara wake ni mdogo kidogo, ni ile ya msaidizi katika kliniki ya macho au duka la miwani. Msaidizi humpokea mgonjwa, hupima presha ya macho, husoma nguvu ya lenzi za miwani ya zamani, hupima umbali kati ya mboni na mboni. Baada ya miezi sita kazini, aliyemaliza sekondari anaweza kufanya mtihani wa cheti cha kwanza cha wasaidizi, unaosimamiwa na tume iliyo chini ya Chama cha Optometria cha Marekani. Vyuo vingi hutaka barua ya mtaalamu wa optometria anayekufahamu, na hutaka uthibitisho kwamba umeiona kazi kwa karibu. Asiye na ajira hiyo hutafuta siku za bure za kumfuata mtaalamu kliniki. Mwenye ajira hiyo hulipwa kwa saa zilezile.

Saa zako za kazi za aina yoyote ziandike kwenye OptomCAS, ambayo ina sehemu ya uzoefu wa kazi. Usizifiche kwa kudhani kwamba kumsafisha mzee kitandani hakuhusiani na macho. Mwenye wastani mzuri wa alama huku akifanya saa 24 kila wiki anaonyesha jambo ambalo mwenye wastani uleule bila kazi hawezi kulionyesha. Na kama muhula mmoja uliharibika, eleza sababu kwa sentensi mbili, kisha waache waone mihula iliyofuata.

Baada ya kukubaliwa

Miaka minne ya optometria yenyewe haina nafasi kwa zamu ndefu. Pia kuna vyuo zaidi ya 20 tu katika nchi nzima, kwa hiyo wengi huhama jimbo na kuacha ajira. Kwa wanaoanza kukopa tangu Julai 2026, mkopo wa serikali kwa masomo ya aina hii una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mwenye viza ya F-1 hapati mikopo hiyo. Miaka ya masomo ya awali, basi, ndiyo miaka ya kuweka akiba na kulipa madeni madogo, na hii ni sababu nyingine ya kutoharakisha kuacha kazi kabisa.

Ninasisitiza mpango kwa sababu hasara ya kukwama si ya mwanafunzi peke yake. Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya leseni ya optometria, mwaka 1901, na leo ni makazi ya familia nyingi kutoka Afrika Mashariki. Mama mzee anayeambiwa kwamba glakoma inamla uoni bila maumivu anahitaji kuelewa kwa nini atie dawa kila siku maishani, na mara nyingi anaelezwa na mjukuu wa miaka 12 anayebahatisha tafsiri. Msaidizi wa nyumba ya wazee anayejua lugha yake na mwenye subira angekuwa mtaalamu bora wa kumweleza.

Kwa hiyo, kabla ya usajili ujao, andika mwaka unaotaka kuanza optometria. Rudi nyuma, muhula kwa muhula, hadi uone kemia ya jumla ya kwanza inaangukia lini. Ikiwa ni Agosti hii, isajili kabla ya somo lolote lingine, kisha mpelekee msimamizi wako kazini ratiba ya maabara iliyochapishwa na umwombe zamu zinazoizunguka.