Michezo: kamba nzito, zoezi la dakika 10 linaloamsha mikono, miguu na moyo

Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman aliingia ulingoni akiwa bingwa wa dunia, mwenye umri wa miaka 25, na hakuna aliyekuwa amemshinda bado. Muhammad Ali, miaka 32, aliegemea kwenye kamba za ulingo na kumuacha apige. Katika raundi ya 8, mikono ya Foreman ilikuwa imechoka kabisa, na Ali akamuangusha. Wapenzi wa ndondi nchini Kongo walibaki na somo moja: nguvu bila pumzi haimalizi pambano.

Nguvu yenye pumzi ndiyo inatafutwa leo na zoezi lingine la kamba, ambalo lilienezwa nchini Marekani na John Brookfield, mtu anayejulikana kwa nguvu za mikono yake. Mabondia, wacheza judo na wapiganaji wa mieleka wanalifanya katika nchi nyingi.

Kamba yenyewe ni nene, sentimita 4 ao 5, na mara nyingi ina urefu wa metre 15. Inazungushwa kwenye nguzo imara, kisha mtu anashika ncha mbili, moja kwa kila mkono. Anapanua miguu, anakunja magoti kidogo, ananyoosha mgongo na kukaza tumbo. Halafu anapandisha na kushusha mikono kwa zamu, kwa haraka, hadi kamba inatembea kama mawimbi ya ziwa na kufika kwenye nguzo.

Ugumu uko hapo: wimbi likifa, lazima kutengeneza lingine. Mtu akiinua mikono yote miwili pamoja na kuipiga kamba chini kwa nguvu, mapaja, kiuno na mgongo vyote vinatumika. Anayetumia mabega peke yake anachoka mapema. Tena, kadiri anavyosogea karibu na nguzo, kamba inalegea na kazi inakuwa ngumu zaidi.

Je, dakika 10 zinatosha? Utafiti mmoja uliotolewa Marekani mwaka 2015 ulipima vijana 11 waliopiga kamba kwa sekunde 15 na kupumzika sekunde 45, mara 10. Kazi ya kweli ilikuwa dakika 2 na nusu tu. Hata hivyo, moyo ulifika wastani wa mapigo 178 kwa dakika, kiwango cha zoezi kali.

Kamba ya duka la michezo ina bei kali, lakini si lazima. Kwa wakaaji wa kando ya ziwa Kivu ao Tanganyika, kamba nene ya zamani ya kufungia mashua inaweza kufanya kazi ileile, na mti wenye nguvu unakuwa nguzo. Muhimu ni kuangalia kama haijaanza kukatika, na kufunga ncha zake kwa kitambaa ili isichubue viganja.

Lakini si kila mtu anaweza kukimbilia zoezi hili. Mwenye ugonjwa wa moyo ao tansio, ao maumivu ya bega na mgongo, aone kwanza munganga. Anayeanza apashe mwili moto kwa dakika 5, afanye mara 4 ao 5 tu, asizuie pumzi, na aache siku moja ya kupumzika katikati. Akisikia kizunguzungu ao maumivu ya kifua, aache palepale.

Katika michezo ya Olimpiki, bondia anapigana raundi 3, kila moja dakika 3. Anayeshusha mikono katika raundi ya mwisho anapoteza kile alichokipata mwanzoni. Hadi michezo ya Paris, mwaka 2024, Kongo haijapata hata medali moja ya Olimpiki. Kamba peke yake haitaleta medali. Lakini kilabu cha mtaa kisichokuwa na feza za kununua mashine hakina sababu ya kungoja: kamba moja, mti mmoja na dakika 10 vinatosha kuanza.