Usikaushe gereji kwa jiko la mkaa

Mwezi wa Julai, Limuru huwa na baridi na ukungu. Asubuhi, gari kuukuu aina ya Peugeot 504 ambalo familia imelitunza tangu enzi za babu linakutwa limelowa matone, ingawa limelala kwenye gereji ya nyumbani iliyofungwa vizuri. Si mvua iliyoingia. Hewa yenye unyevu ikigusa bodi baridi ya gari hugeuka maji, na kutu huanzia hapo.

Kuna wanaowasha jiko la mkaa humo, au kuacha injini ikinguruma, ili pakauke. Ni hatari. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gereji ikipakana na chumba cha watoto, gesi hiyo hupenya mlangoni na inaweza kuwaua wakiwa usingizini. Mkihisi kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje mara moja kisha mwende hospitali.

Njia salama ni kupitisha hewa. Toboa tundu chini ya ukuta wa nje na jingine juu upande wa pili, uyawekee wavu. Gari lililonyeshewa likauke kabla ya kuingizwa. Lifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, kwani nailoni hufungia unyevu. Nguo mbichi zisianikwe humo.

Kuvu ikiota ukutani, isugue mapema. Huweza kuchochea pumu kwa watoto.