Wembe Mpya, Kovu Lile Lile

Kisii na Nyamira, ukeketaji umehama kutoka kwa omosari, mkeketaji wa jadi, na kuingia mikononi mwa wauguzi. Likizo ya Desemba ikifika, binti hudungwa ganzi, wembe mpya unafunguliwa, na mzazi anaamini hatari zilibaki enzi za nyanya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta wanawake 84 katika kila 100 wa jamii ya Abagusii, wenyeji wa maeneo hayo, wamekeketwa. Kwa Kenya nzima walikuwa 21.

Ganzi huzima maumivu ya siku hiyo, na wembe safi hupunguza maambukizi. Kovu ni jambo jingine. Kidonda kikipona, seli husuka nyuzi za kolajeni kuziba pengo, kisha nyuzi hizo hujikaza. Ngozi inayoota hapo hainyumbuki kama ya awali. Kwa wengine, hasa wenye ngozi nyeusi, kovu huvuka mipaka ya kidonda likawa keloidi.

Kwa Abagusii hukatwa zaidi kinembe, penye mishipa ya fahamu tele. Mshipa uliokatwa hujaribu kuota upya. Ukizibwa na kovu hujisokota kuwa fundo, na hata mguso wa nguo ukauma. Seli za ngozi zilizofukiwa nazo huendelea kuzaliana, uvimbe ukakua polepole kwa miaka.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Hatari za uzazi zilipanda kadiri mkato ulivyokuwa mkubwa; kwa waliokatwa kinembe tu, tofauti ilikuwa ndogo. Wanaotetea "kukata kidogo" wasishangilie: utafiti ule ulihusu uzazi, si mafundo wala uvimbe. Na sheria ya Kenya ya 2011 inayopiga marufuku ukeketaji haipimi ukubwa wa mkato. Muuguzi naye hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000.

Uvimbe unaotokana na seli zilizofukiwa hutolewa kwa upasuaji mdogo. Keloidi ikikatwa tu hurudi, mara nyingine kubwa zaidi, kwa hiyo daktari huichoma sindano za steroidi. Mjamzito mwenye kovu gumu amweleze mkunga mapema, kliniki za mwanzo, asingoje uchungu.