Maisha Bora Yako Nchi Ipi? Mizani ya Ulyankulu

Kila mwaka hutoka orodha za nchi zenye maisha bora na zenye maisha duni, na ndani yake Tanzania na Burundi hukaa mbali moja na nyingine, ingawa ni majirani. Pato la wastani la Mtanzania kwa mwaka limepita dola 1,000 za Marekani. La Mrundi halifiki 350. Anayeishia hapo ataona hesabu imeshafungwa. Lakini ndani ya mkoa wa Tabora wapo watu waliowahi kuzilinganisha nchi hizi mbili kwa uamuzi mzito kuliko jedwali lolote: kuchagua wapi wataishi wao na wajukuu wao. Kwa maoni yangu, uamuzi ule unatuonyesha kwamba wastani wa nchi hupima kitu ambacho hakuna mtu anayekiishi.

Tabora, iliyokuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo, Ujiji na Karagwe, imezoea wageni. Hawa wa mwaka 1972 hawakufuata pembe wala chumvi. Walikimbia mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, wakapewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, na wengine Katumba, iliyo leo mkoani Katavi. Mwaka 2007, amani ikiwa imeanza kurudi kwao, waliulizwa: mnarudi Burundi au mnaomba uraia wa Tanzania? Walikuwa takriban 218,000 katika makazi yote. Karibu wanne katika kila watano walisema wanabaki.

Jibu jepesi ni kwamba walifuata ardhi. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba 76,151, na Burundi nzima ina 27,834. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora, yaani kama 45 kwa kilomita ya mraba. Burundi wanapita 400. Hata hivyo ekari haipimwi kwa kamba tu. Sehemu kubwa ya udongo wa miombo ya Tabora ni kichanga, na mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au karibu na hapo. Kwenye vilima vya Burundi mkulima huvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mgomba humlisha katikati. Zao la fedha la Ulyankulu ni tumbaku, nayo hula msitu: majani hufungwa kwenye vijiti, huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto wa kuni hauzimwi usiku wala mchana kwa siku kadhaa. Shamba bila kuni za karibu ni nusu shamba. Maji nayo yaliwahi kuwa haba kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 wakazi wengi walihamishiwa makazi mengine, Mishamo. Kwa hiyo wingi wa ekari peke yake hauelezi kwa nini watu walibaki.

Kinachoeleza zaidi ni uhakika wa kukaa. Aliyerudi Burundi aliweza kukuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine kwa miaka zaidi ya 30, na migogoro hiyo ilikuwa mingi hata serikali ya Burundi ikaunda tume ya ardhi mwaka 2006. Upande wa Tanzania nako uhakika uliyumba. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vikashikiliwa, kwa kuwa mpango ulikuwa kuwatawanya kwanza katika mikoa mingine. Sasa nani angeezeka bati au kupanda miembe mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa ahame? Katika miaka minne ya kusubiri vyeti, mtu angeweza kuuza tumbaku ileile kwa bei ileile, na maisha yake yakawa mabaya zaidi. Kielelezo cha Maendeleo ya Watu, kinachotolewa na Umoja wa Mataifa tangu 1990, hupima umri wa kuishi, elimu na pato. Hofu ya namna hii haina safu humo.

Kuna watakaosema hawa hawakulinganisha nchi; waliogopa tu, na wengi wao walizaliwa hapa, hivyo Burundi waliijua kwa masimulizi. Hoja hii ina uzito. Lakini hofu ya kuuawa au kufukuzwa ni sehemu ya hali ya maisha sawasawa na njaa, na haikuwa ya kubuni: mwaka 2015 Burundi ilipoingia tena katika machafuko, Warundi zaidi ya 200,000 walikimbilia Tanzania. Isitoshe, kati ya walioulizwa mwaka 2007, zaidi ya 50,000 walirudi, wakiwa na taarifa zilezile. Mwenye kaka aliyemtunzia shamba alipima tofauti na asiye na mtu.

Wengine watasema bila wastani serikali haiwezi kupanga bajeti. Kweli, utumike huko. Bajeti ya zahanati ni jambo moja, na kumwambia mkulima wa Ulyankulu kwamba anaishi vizuri mara tatu kuliko mwenzake wa Ngozi, Burundi, ni jambo jingine, tena si kweli. Anayetaka kulinganisha maisha ya nchi mbili aanze na maswali ambayo watu hawa walijiuliza: shamba ni la nani, karatasi inasemaje, na nani anaweza kunihamisha. Baadaye majibu yao yalibadilika: mpango wa kuwatawanya uliachwa, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, na katika uchaguzi mkuu wa 2015 Ulyankulu ilikuwa jimbo lenye mbunge wake.