Nyayo za Kidijitali: Daftari la Siku Moja kwa Mwanafunzi na Mzazi

Nyayo za kidijitali ni kumbukumbu zote zinazobaki baada ya mtu kutumia simu, kompyuta au kifaa kingine kilichounganishwa na intaneti. Baadhi huachwa kwa kukusudia: picha iliyowekwa Instagram, maoni yaliyoandikwa chini ya video, ujumbe uliotumwa katika kundi la WhatsApp. Nyingine huachwa pasipo mtumiaji kutambua: maneno aliyoyatafuta Google, muda alioutumia kutazama video, mahali simu ilipokuwa, na ruhusa alizozitoa alipopakua programu. Aina hii ya pili ndiyo inayohitaji kufundishwa zaidi, kwa sababu haionekani kwa macho.

Laini ya mzazi, nyayo za mtoto

Shule nyingi nchini haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na kwa sababu hiyo baadhi ya wazazi huamini kwamba jambo hili halijawafikia watoto wao. Hali halisi ni tofauti. Mwanafunzi hutumia simu jioni, mwisho wa juma na wakati wa likizo, na mara nyingi simu hiyo ni ya mama, baba au mlezi.

Tangu Mei 2019, laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hana kitambulisho hicho, hivyo laini anayoitumia huwa na jina la mtu mzima. Ujumbe wa matusi alioutuma kwa mzaha utafuatiliwa kwanza kwa mwenye laini. Aidha, simu hiyo hiyo ndiyo yenye akaunti ya pesa ya familia na namba za ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mzazi. Kumfundisha mwanafunzi juu ya nyayo zake ni kuilinda kaya nzima.

Zoezi la siku moja

Tunapendekeza zoezi lisilohitaji kompyuta wala kifurushi cha intaneti. Mwanafunzi achukue daftari, agawe ukurasa katika safu nne, kisha kwa siku moja aandike: saa ngapi, ametumia chombo gani, amefanya nini, na ameacha nini nyuma. Ukurasa wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili unaweza kuwa hivi:

- Saa 12:15 asubuhi. Redio. Nimesikiliza taarifa ya habari. Sijaacha chochote.
- Saa 10:00 jioni. Simu ya mama. Nimetuma katika kundi la darasa picha yetu tukiwa na sare. Nembo ya shule inaonekana, na sura za wenzangu watatu ambao sikuwauliza.
- Saa 11:20 jioni. Simu ya mama. Nimepakua mchezo. Umeomba kuona majina na namba zilizomo kwenye simu, nimekubali.
- Saa 2:30 usiku. Simu ya mama. Nimetazama video fupi. Nilikusudia dakika 5, nimemaliza saa 3:25. Programu imejua ni video zipi nilizozirudia.

Mifano hii inaonyesha mambo ambayo maelezo matupu hayaonyeshi. Redio imempa habari bila kumuuliza yeye ni nani. Picha moja imetaja shule anayosoma na kuwahusisha watu wengine. Mchezo wa bure umelipiwa kwa namba za watu ambao hawakuombwa idhini. Video fupi zimechukua karibu saa nzima ya kujisomea, na pia zimeifundisha programu namna ya kumshika tena kesho.

Mwalimu au mzazi anayesimamia zoezi hili azingatie sharti moja: daftari ni mali ya mwanafunzi. Asilikusanye wala kulisoma mbele ya darasa. Somo la faragha likigeuzwa ukaguzi, wanafunzi wataandika uongo na hawatajifunza chochote. Ni vyema zaidi mtu mzima naye ajaze daftari lake siku hiyo hiyo.

Hatua za kuchukua baada ya zoezi

1. Fungueni pamoja mipangilio ya simu na kuangalia ruhusa za kila programu. Mchezo hauhitaji namba za watu ili ufanye kazi. Ondoeni ruhusa hiyo.
2. Msimruhusu mtoto kudanganya umri. Facebook, Instagram na TikTok zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Anayejiandikisha kama mtu mzima hunyimwa ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto.
3. Kabla ya kutuma picha, ombeni idhini ya wote wanaoonekana. Kanuni hii humhusu pia mzazi anayesambaza picha ya mtoto au matokeo yake ya mtihani.
4. Msitegemee kufuta. Ujumbe uliofutwa huenda umekwisha kupigwa picha ya skrini na kupelekwa kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki.
5. Namba ya siri ya akaunti ya pesa isijulikane na mtoto, hata anapotumwa kununua muda wa maongezi.
6. Piga *106# kutazama laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho, ili usibebe nyayo za laini usiyoitambua.

Sheria na mahali pa kupata msaada

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazokusanywa na kutaka zile zisizo sahihi zirekebishwe. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza udhalilishaji mtandaoni na usambazaji wa picha za ngono za watoto.

Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Mtoto anayetishwa au kudaiwa picha za utupu apige 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, au mzazi apige kwa niaba yake. Katika hali hiyo msifute mazungumzo, kwani ndiyo ushahidi, na msimwadhibu mtoto kwa kusema. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu huchelewa kuomba msaada, na kuchelewa huko ndiko mhalifu anakokutegemea.