Yasini wa Kiamaiko

Chuoni, tulipokuwa wadogo na vibao vyetu mapajani, mwalimu alituambia kwamba kila kitu kina moyo, na moyo wa Kurani ni sura ya Yasini. Ni sura ya 36, ina aya 83, na mtoto wa Kiislamu wa pwani huizoea mapema, kwa kuwa haikosekani penye mgonjwa anayekata roho wala penye hitima. Tangu mwaka wa 2020 siwezi kuifungua bila kumkumbuka kijana mmoja wa Nairobi ambaye sikupata kumwona kwa macho. Jina lake lilikuwa Yassin Hussein Moyo. Umri wake, miaka 13.

Kwao ni Kiamaiko, mashariki mwa jiji, mtaa unaopakana na Huruma na Mathare. Apendaye nyama ya mbuzi anapajua. Mbuzi hushushwa hapo kutoka kaskazini mwa nchi, machinjio yako papo hapo, na wachuuzi huanza kazi kabla jua halijachomoza. Juu ya maduka yamesimama magorofa yaliyobanana bega kwa bega. Vyumba ni vidogo na watu ni wengi, kwa hiyo roshani ndiyo sebule, ndipo pa kuanikia nguo, na ndiyo uwanja wa watoto. Sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa tunajivunia roshani zetu za mbao za nakshi, lakini kazi yake ni ile ile: mtu apate upepo na auone ulimwengu bila kutoka kwao.

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi mwaka ule, shule zilifungwa. Kisha Ijumaa tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Usiku wa Jumatatu tarehe 30, ambao ulikuwa usiku wa nne wa amri hiyo, polisi walikuwa Kiamaiko wakifukuza watu waingie majumbani. Yassin alikuwa amekwisha kuwa nyumbani. Alisimama na ndugu zake kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, wakitazama yaliyokuwa yakipita chini. Risasi ikampata tumboni, naye akafariki dunia usiku ule ule.

Kesho yake alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Siku zile mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku na mazishi yaliachiwa jamaa wa karibu tu. Msomaji anajua maana yake. Jirani akifiwa, sisi hukaa naye usiku kucha, tukampikia, tukamsomea, tukamsahaulisha kidogo. Amri iliyomkuta kijana roshani ndiyo iliyozuia watu kwenda kuwapa mkono wa tanzia wazazi wa wafu wa siku zile.

Baba yake alisema maneno ambayo magazeti ya ulimwengu yaliyachapa: kwamba polisi huwajia wakipiga kelele na kuwachapa kama ng'ombe, hali wao ni raia wanaofuata sheria. Polisi walieleza kwamba risasi ile ilikuwa imepotea njia. Tarehe 1 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wananchi radhi kwa jumla kwa ukali uliotumika katika kuitekeleza amri. Tarehe 8 Juni wakazi wa Mathare waliandamana kupinga mauaji ya polisi. Mwezi huo huo, baada ya uchunguzi wa mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, askari mmoja alifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Akakana. Hukumu ni kazi ya mahakama, nami siingilii.

Langu ni moja tu. Kijana wa mitaa ya Eastlands akiuawa, swali la kwanza la watu ni hili: alikuwa wapi saa hizo, na alikuwa akifanya nini? Swali hilo huulizwa hata kabla maiti haijaoshwa, na mara nyingi mzazi hulazimika kumtetea mwanawe kwanza ndipo apate kumlilia. Kwa Yassin swali hilo lilikosa pa kusimama. Alikuwa kwao. Waliambiwa wakae nyumbani, akakaa. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutuzwa. Yeye hata kucheza hakucheza, alitazama tu.

Kila nipitapo Kiamaiko kununua nyama, huinua macho. Watoto wamejaa roshanini, wameshika vyuma, wanatazama mbuzi na mikokoteni. Mama mmoja huita, kichwa kimoja kinaingia ndani, viwili vingine vinachomoza. Hapo huisoma Yasini kimoyomoyo, kwa aliyeitwa kwa jina hilo na kwa hao walio juu. Na kwa kuwa ada yetu ni kumlilia mtu kwa shairi, nimetunga ubeti huu:

Amri ilipotoka, kila mtu awe ndani,
Mlango hakuuvuka, alisimama roshani,
Risasi ikamfika, juu kwao ghorofani,
Wapi pa kusalimika, kama si kwao nyumbani?